Mashine Mpya, Shetri ya Zamani

Tulikuwa tunarudi kutoka kisiwa cha Maziwe, watu wanane chomboni, alasiri ya mwezi wa Julai. Kusi, upepo wa kusini, lilikuwa limechachamaa tangu adhuhuri na maji yalikuwa yanakupwa. Anayeujua mlango wa mto Pangani ameshaelewa. Maji ya mto yanatoka kwa kasi, mawimbi ya bahari yanaingia, na vinapokutana juu ya fungu la mchanga bahari inasimama wima. Nahodha huvizia hapo nje kidogo, anayasoma mawimbi, akiona upenyo anaongeza moto na kuingia akiwa mgongoni mwa wimbi moja, asilipite hilo wala asikamatwe na lile la nyuma. Nimepita pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Siku ile nilipoongeza moto, mkono wa mashine, ile injini inayofungwa nyuma ya boti, ulinijia kifuani.

Skrubu ya kubania ya upande wa kulia ilikuwa imezama kwenye ubao kama kidole kwenye papai bivu. Mashine ikalala upande, propela ikatoka majini ikinguruma, nami nikavuta kamba ya kuzimia. Baharia wangu, kijana wa Bweni, aliruka akaikumbatia mashine kwa mikono miwili. Kilichoizuia isiende naye chini ni kamba ya nailoni niliyokuwa nimeifunga kutoka kwenye mashine hadi kwenye pete ya ndani ya boti, kamba ambayo niliiweka kwa kuogopa wezi tu. Wimbi lililofuata lilipanda juu ya shetri, yaani nyuma ya chombo, likaingia lote. Abiria wakafua maji kwa ndoo na kwa viatu, wengine wakashika makafi, mpaka wavuvi wa ngalawa moja wakatutupia kamba na kutuvuta hadi pwani ya Bweni. Hakuna aliyeumia. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo, na ndiyo sababu ninaandika haya kwa kirefu, kwa sababu kilichotupata naona kinawasubiri wengine wengi wenye boti za umri ule.

Pwani nzima walisema mashine imezeeka. Nami niliamini. Ilikuwa ya nguvu ya farasi 40, ya kuchanganya oili na petroli, imefanya kazi miaka mingi, na boti yenyewe ni ya faiba, futi 21, iliyojengwa mwaka 1998. Nikauza mbuzi, nikakopa kwenye kikoba, na kufikia Septemba nilikuwa na mashine nyingine: 40 vilevile, lakini hii ni ile isiyochanganya oili, iliyotumika kidogo. Furaha niliyokuwa nayo siku inashushwa kwenye gari siwezi kuieleza. Nilikuwa nimekusanya pesa za mashine. Pesa ya ubao wa kuifungia sikuwa nayo hata shilingi.

Fundi wa faiba niliyemwita ni mzee mmoja ambaye amefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Alikuja na nyundo ndogo na drili. Nikamwonyesha mashine, imefunikwa turubai barazani. Hakuifunua. Akaenda moja kwa moja kwenye boti, akapiga magoti nyuma ya shetri, akaanza kugonga.

"Sikiliza," akasema.

Pembeni, karibu na ubavu, nyundo ilirudisha mlio mkavu, *ko, ko, ko*. Kadiri alivyosogea kati, pale mashine ilipokaa, mlio ukafa. Ukawa kama kugonga godoro. Akatia drili kutokea ndani, sindano nyembamba ya milimita 5, mahali pale pale palipokufa mlio. Unga uliotoka haukuwa unga. Ilikuwa chicha, nyeusi, iliyolowa, na ilipotoka ikanuka kama kisima kilichofungwa siku nyingi. Akaiweka kiganjani mwangu akaifinya kwa kidole gumba, na maji yakatoka.

"Mwanangu," akaniambia, "umenunua mzigo kabla ya kumjua mchukuzi."

Niseme kwanza ubao huu ni nini, maana wengi wetu tunaendesha boti miaka bila kujua kilichomo ndani. Kwenye boti ya faiba, ubao wa shetri, ambao mafundi wengi huuita transomu, si faiba tupu. Ni ngozi mbili za faiba na katikati yake plaiwudi. Ngozi ndizo zinazovutwa na kusukumwa, plaiwudi inazishikilia zisikaribiane wala zisitelezeane. Plaiwudi ikioza, ngozi zinabaki nzuri tu, rangi inang'aa, na kwa nje huoni kitu. Unachokuwa nacho ni maganda mawili yenye uji katikati.

Na kazi ya ubao huu si kubeba uzito tu. Hapa ndipo nilipokuwa nimekosea maisha yangu yote. Fikiria mtarimbo. Mashine imeshikwa juu, kwenye ukingo wa ubao, lakini inasukumia chini, kwenye propela, zaidi ya nusu mita kutoka pale ilipobanwa. Ukiongeza moto kwenda mbele, sehemu ya chini ya breketi, kile kishikio cha mashine kwenye ubao, inaukandamiza ubao na sehemu ya juu inataka kung'oka kwenda nyuma. Ukirudisha nyuma, mambo yanageuka. Kisha chombo kinaanguka kutoka juu ya wimbi, na uzito wa mashine kwa lahaza ile unakuwa mara kadhaa ya ule wa mizani. Ongeza mtikisiko wa injini, saa baada ya saa. Skrubu mbili za kubania, zenye visahani vidogo vya mviringo vinavyogusa ubao kwa ndani, ndizo tunazoziamini zihimili yote hayo.

Mtindo wa skrubu hizo ni wa zamani sana. Ole Evinrude alipoanza kuuza mashine zake kule Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, zilikuwa na nguvu ya farasi 1.5, za kufungwa kwenye mashua ndogo ya makasia ziwani. Kwa mashine ya namna ile kubana tu kunatosha kabisa. Kwa 40, kwenye mlango wa Pangani, Julai, hakutoshi.

Fundi alinipa jaribio jingine ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya leo jioni bila kifaa chochote. Mashine ya zamani ilikuwa bado ipo, tukaifunga tena mahali pake chombo kikiwa mchangani. Akaniambia niishike chini, karibu na propela, niiinue na kuishusha kwa uzito wangu wote, yeye akaangalia ubao. Kisha tukabadilishana. Kwenye kona ya ndani, pale ubao unapokutana na sakafu, niliona ufa mwembamba kama unywele ukifunguka na kufumba kila alipoinua. Nilikuwa nimeupaka rangi ufa ule mara tatu, nikidhani ni rangi imepasuka.

Sasa kuhusu kuoza. Wengi tunaamini bahari ndiyo inayoozesha. Fundi alinibishia, na nilipofikiri nikaona ana haki. Maji ya chumvi huwazuia sana wale kuvu wanaokula mbao. Mabaharia wa zamani walikuwa wakimwaga chumvi kwenye mbao za vyombo kwa sababu hiyo. Kinachoozesha boti zetu ni mvua. Masika yote chombo kimevutwa pwani, omo, yaani mbele, juu, shetri chini, na maji ya mvua yamekaa nyuma wiki nzima kwa sababu mwenyewe kaona uvivu kuchomoa kizibo. Maji matamu, joto, hewa kidogo, na tundu la kupenyea. Matundu ndiyo tuliyoyatengeneza sisi wenyewe. Nilihesabu kwenye ubao wangu matundu 11: manne ya mashine ya kwanza kabisa, mawili ya pete ya kamba, mawili ya kibao cha namba, moja la kizibo, na mengine mawili ambayo sikumbuki yalikuwa ya nini. Kila moja lilizibwa na silikoni ya madirisha au halikuzibwa kabisa. Plaiwudi ikitobolewa inaonyesha kingo za nyuzi zake, na nyuzi hizo hunyonya maji kama mrija.

Ilibidi tuufungue. Fundi alikata ngozi ya ndani kwa grainda, akaacha ya nje nzima, kwa sababu ndiyo inayotunza umbo la chombo. Plaiwudi ya juu ilitoka kwa mkono. Ya chini ilikuwa bado ngumu sehemu fulani, ikabidi patasi na nyundo siku mbili. Nilijaza magunia mawili ya ule uchafu mweusi. Kisha tukaacha chombo kikauke, kivulini, upepo ukipita, wiki mbili na siku kadhaa. Nilikuwa na haraka, abiria wa Maziwe wananipita hivi hivi kwenda kwenye boti za wenzangu, lakini fundi alikataa katakata. Alibandika kipande cha nailoni juu ya faiba kwa utepe, kingo zote nne, akakiacha juani. Siku ya kwanza, hadi jioni, ndani ya nailoni kulikuwa na matone kama jasho. Alirudia kila baada ya siku chache. Siku nailoni ilipobaki kavu ndipo aliponiambia ninunue resini, ile gundi ya majimaji inayogandisha faiba.

Kuhusu mbao ya kuweka, tulibishana, na hili nalieleza kwa sababu mafundi wa majahazi wana hoja yao. Jirani yangu anayejenga mashua aliniambia niweke gogo la mvule, si plaiwudi, kwamba mvule utaniishi mpaka nizikwe. Kwa chombo cha mbao nakubaliana naye kabisa. Kwenye mashua yake yeye huweka ubao mnene wa mvule kwa ndani ya shetri, akaupigilia bolti hadi nje, kisha akaufunga na mataruma, yaani mbavu za chombo, kwa vipande vya mti uliojipinda wenyewe porini kama kiwiko, ili nyuzi za mti zifuate pembe. Kazi nzuri mno. Lakini ndani ya faiba, mbao nzima hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri inavyopata unyevu, na faiba haitanuki nayo. Mwisho wake inaachana na ngozi. Plaiwudi imepangwa tabaka kwa tabaka, nyuzi zikikatana, kwa hiyo inatulia. Iwe tu ile iliyogundishwa kwa gundi isiyoachia maji. Ya kutengenezea makabati ukiichemsha kipande kidogo kwenye sufuria utaona tabaka zinavyoachana. Tulikichemsha kweli. Cha duka la kwanza kiliachana, cha duka la pili kikastahimili.

Kabla ya kukata chochote, tulipima urefu wa mguu wa mashine. Hapa nusura niharibu kila kitu.

Mashine za kufunga nyuma hutengenezwa kwa urefu wa shetri unaojulikana: nchi 15 kwa mguu mfupi, nchi 20 kwa mguu mrefu, nchi 25 kwa mrefu zaidi, yaani takriban milimita 381, 508 na 635. Unapima kutoka ukingo wa juu wa ubao, pale breketi inapokaa, kushuka hadi chini ya chombo, katikati. Boti yangu ilikuwa nchi 15. Mashine yangu ya zamani ilikuwa ya mguu mfupi. Hii niliyoinunua kwa mbuzi na kikoba ilikuwa ya mguu mrefu, na sikuwa nimeuliza.

Ungeweza kuifunga hivyo hivyo, na nimeziona boti nyingi zimefungwa hivyo. Propela inashuka nchi 5 zaidi ya inavyotakiwa, mguu wote unakokota maji, petroli inaliwa bure, na kwenye mafungu ya mchanga ya kwetu unagusa chini kabla ya wenzako. Kinyume chake ni kibaya pia. Mguu mfupi kwenye shetri ndefu, propela inavuta hewa kutoka juu ya maji, injini inapiga kelele kali na chombo hakiendi. Kipimo ni lile bawa bapa lililo juu tu ya propela. Unaweka ubao ulionyooka chini ya tumbo la boti, unauacha utokeze nyuma, na bawa linatakiwa liwe sawa na ubao huo au chini yake kidogo, isizidi nchi 1 hivi. Kazi yake ni kuzuia hewa isishuke kwenye propela, na haliwezi kuifanya likiwa juu mno.

Kwa kuwa ubao tulikuwa tunautengeneza upya, fundi akapendekeza tuupandishe nchi 5. Nilifurahi kwa sababu ambayo haikuwa ya mashine. Wimbi la Julai lilikuwa limeingia kwa kupanda juu ya ile shetri fupi. Lakini akanionya kwamba ukipandisha ubao umerefusha mtarimbo, na mashine mpya ni nzito zaidi. Ile ya kuchanganya ilikuwa na kilo 70 na kitu. Hii inakaribia 100. Nguvu iliyoandikwa kwenye kofia ni ile ile 40, lakini ubao haujui kusoma.

Ndiyo maana kazi kubwa haikuwa ubao wenyewe, ilikuwa kuufunga ubao na chombo. Tulibandika tabaka tatu za plaiwudi ya milimita 18, kila moja imepakwa resini pande zote na kingoni mara mbili, baada ya kupima kwanza kwamba mdomo wa breketi unafunguka kutosha unene huo. Hatukuwa na vibanio vya kutosha, tukabana kwa jeki ya gari na vipande vya magogo kutoka kwenye mbavu za ndani. Halafu fundi akajenga magoti mawili: vipande vya pembetatu vya plaiwudi vinavyotoka kwenye ubao, mmoja kila upande wa mahali pa mashine, vikashuka na kwenda mbele hadi kwenye mihimili mirefu ya sakafu. Nguvu ya mashine ikija kwenye ubao, inapitia kwenye magoti, inaingia kwenye mihimili, inasambaa chombo kizima. Bila magoti inaishia kwenye kona, na kona ndiyo ile niliyokuwa nikiipaka rangi.

Nilimtazama kwa karibu akizijaza kona zile. Alichanganya resini na unga mpaka ikawa nzito kama uji wa mtama uliolala, akaipaka kwenye pembe, kisha akapitisha mgongo wa kijiko cha chakula kwa mkupuo mmoja kutoka juu hadi chini. Pembe kali ikawa mviringo laini. Mati ya faiba, yaani mkeka wa nyuzi zake, alisema, haikunjiki kwenye pembe kali. Inanyanyuka, inaacha hewa, na hapo ndipo inapovunjikia. Hadina, dawa ya kugandisha resini, alikuwa akiipima kwa bomba la sindano, mililita 10 hadi 15 kwa lita moja ya resini kwa sababu ya joto la kwetu, na aliyezidisha ni mimi, mara moja tu, nikaona resini ikigeuka jeli ndani ya kopo na kopo likichemka mkononi. Mati mpya aliilaza juu ya faiba ya zamani iliyosuguliwa mpaka ikawa nyeupe kavu, ikapanda zaidi ya sentimita 10 kila upande, tabaka la juu refu kuliko la chini ili ukingo uteremke pole pole.

Siku ya kufunga mashine ilikuwa Novemba. Katikati ya ubao hatukuipata kwa macho. Tulivuta uzi kutoka omo, tukapima kutoka kila ubavu, tukateremsha timazi, tukapiga mstari wa penseli. Mashine ikikaa sentimita chache kando, utapigana na usukani kila safari bila kujua kwa nini.

Kisha matundu, na hili nawaomba wenzangu mlisome mara mbili. Usitoboe tundu la bolti moja kwa moja kwenye plaiwudi. Tulitoboa makubwa, milimita 20, tukayaziba kwa nyuma, tukayajaza epoksi, resini ngumu ya kugundishia, iliyochanganywa na unga wake. Ilipokauka, siku ya pili, tukatoboa tena katikati ya epoksi, sasa kwa kipimo cha bolti, milimita 12 na kidogo. Bolti inapita ndani ya bomba la epoksi. Hata kama gundi ya nje itachoka siku moja, maji yatakutana na epoksi, hayatauona ubao.

Bolti zenyewe zilinichelewesha wiki. Muuzaji mmoja aliniapia kuwa zake ni stenlesi. Zilikuwa zinang'aa kweli, lakini sumaku ilizinyakua: chuma cha kawaida kilichopakwa. Sumaku hata hivyo haimalizi maneno, maana stenlesi ya vyombo vya jikoni nayo haishikwi, na kwenye maji ya chumvi inatoboka vijitundu. Angalia kichwani mwa bolti. Iliyoandikwa A4 ndiyo ya baharini, iliyoandikwa A2 ni ya nchi kavu. Nilinunua nne za A4, nati zenye mpira ndani zisizolegea kwa mtikisiko, na kwa ndani ya ubao, badala ya washa ndogo, bati la alumini nene linaloshika nati mbili kwa pamoja kila upande. Washa ndogo huzama. Gundi iwe ile ya mpira ya poliyuritani ya boti, ipakwe ndani ya tundu na chini ya kichwa cha bolti. Silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki, inakula chuma. Na kwa kuwa breketi ya mashine ni alumini na bolti ni stenlesi, paka grisi zinapogusana, vinginevyo chumvi itaifanya alumini kuwa unga mweupe.

Kukaza nako kuna adabu yake. Fundi alinipokonya spana nilipoanza kuongeza urefu kwa bomba. Kaza mpaka gundi itokeze pembeni kidogo, simama, iache ishike, rudi kesho umalizie. Skrubu za kubania tulizikaza pia, lakini sasa ni wasaidizi.

Najua kwa nini watu hawatii bolti. Pwani nzima ya Tanzania, kuanzia Moa mpaka Msimbati, mvuvi hulala na mashine yake ndani. Jioni unawaona wanapanda kutoka pwani, 15 begani kwa mtu mmoja, 40 kwenye mti kwa watu wawili. Ukiikaza kwa bolti, usiku utaiacha wapi? Hili ni jambo la kweli na sitalidharau, nimeona familia iliyoanguka kwa wizi wa usiku mmoja. Kwa 15 yenye kilo chini ya 40, nionavyo mimi, bolti mbili za juu zenye nati za kufungua kwa spana, pamoja na mnyororo, zinatosha, na utaifungua kila jioni kwa dakika tano. Yangu haibebeki hivyo kila siku. Tena mashine isiyochanganya oili hailazwi ovyo: ina upande wake wa kulazwa, ulioonyeshwa kwenye kitabu chake, ukikosea oili inaingia kwenye silinda. Kwa hiyo tumechangishana wenye boti watano tunamlipa mlinzi. Na mnyororo umechukua nafasi ya ile kamba ya nailoni, kutoka kwenye mashine hadi kwenye pete iliyopigiliwa kwenye goti, siyo kwenye ubao ule ule unaobeba mashine.

Mkibadilisha mashine, toeni habari kwa wanaokagua vyombo vidogo: kwetu Tanzania Bara ni TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli, Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, Kenya ni KMA, Mamlaka ya Bahari. Na msipande nguvu kuliko chombo kilivyojengewa.

Tulipokishusha majini, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba shetri imezama kidogo kuliko zamani. Kilo zile za ziada zilikuwa zinaonekana kwa macho. Tundu la kutolea maji ya sitaha, ambalo zamani lilikuwa juu ya maji, sasa lilikuwa likilamba maji. Tangi la petroli likahamia mbele ya benchi la kati, nanga na mnyororo wake vikaenda omo kabisa, na chombo kikakaa sawa. Pini ya kuinamisha mashine tuliijaribu matundu mawili kabla ya omo kuacha kudunda.

Baada ya kumaliza kukaza, fundi alikuwa amechukua rangi nyekundu na kijiti cha kiberiti, akapiga mstari mmoja mwembamba kwenye kila nati, ukipita juu ya nati na kuendelea kwenye bati. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika. Tulikwenda Maziwe na kurudi mara tatu wiki ile, sisi wawili tu na mawe kwenye magunia badala ya abiria. Safari ya kwanza nati moja ya chini ililegea kidogo, tukaikaza, akapiga mstari mpya.

Julai iliyofuata nilipita pale pale, kusi, maji yakikupwa, watu saba nyuma yangu wamevaa maboya. Niliongeza moto. Wimbi la nyuma lilikuja likanyanyua shetri, likagonga ubao, likapita pembeni. Tulipofika gatini nikawashusha wote, nikainama nyuma na tochi ya simu. Mistari minne nyekundu, mizima.